Kufunga TV kwenye kebini ya lori: kuanzia betri hadi bolti ya mwisho

Asubuhi moja pale Tunduma, mpakani na Zambia, foleni imeanza kusogea baada ya siku mbili, niligeuza ufunguo, stata ikatoa mlio mmoja wa "tk" na kunyamaza. Nyuma yangu honi. Mbele yangu pengo la malori matatu, na anayeijua Tunduma anajua pengo halisubiri mwenyewe. Nilibusti kwa betri za jirani, nikalipa kwa soda na kwa kejeli za nusu saa. Chanzo kilikuwa TV ya inchi 22 niliyofungiwa na fundi wa njiani chapchap wakati nakula wali. Umeme alikuwa ameuchukua kwenye betri moja kati ya zile mbili.

Tangu hapo nimezifunga mwenyewe, ya kwangu na za madereva wenzangu kadhaa. Kazi si ngumu, ni ya siku moja kwa mtu anayejua kushika bisibisi na multimita, kile kipimo cha volti. Ugumu wake ni kwamba TV imetengenezwa kwa ajili ya ukuta wa nyumba usiotikisika, na sisi tunaitundika kwenye ukuta unaopigwa mashimo zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar hadi mpakani, wenye umeme usio wake. Nitakaa zaidi kwenye umeme na kwenye kitako, yaani kile kishikizo cha kuifungia TV ukutani, kwa sababu huko ndiko watu wanakoumia.

Betri mbili, umeme mmoja

Malori tunayoendesha, iwe Scania, Volvo, Actros, DAF, Howo au FAW, yanatumia volti 24. Volti hizo zinatoka kwenye betri mbili za 12 zilizoungwa mfululizo: hasi ya moja imeshikana na chanya ya nyingine kwa waya mfupi mnene. TV ndogo nyingi zinazouzwa kwa ajili ya sola zinataka volti 12. Fundi anaona betri ya 12 mbele yake, TV ya 12 mkononi, anaunganisha, picha inatokea. Unampongeza na kumuongeza hela.

Balaa haliji siku hiyo. Alterneta inazichaji betri zote mbili kwa pamoja, kama volti 28, kwa kutegemea kila moja itachukua 14 yake. Zikiwa sawa, zinagawana sawa. Ukiinyonya moja kila usiku, iliyonyonywa inabaki chini, tuseme 12.5 au 13, na mwenzake anabebeshwa zinazobaki, 15 na zaidi. Betri iliyojaa ikilazimishwa namna hiyo inachemka na maji yake kukauka. Unaua mbili kwa mpigo, moja kwa njaa na nyingine kwa kuvimbiwa. Na kwenye dashibodi geji inakuonyesha 28 kama kawaida, kwa hiyo huna habari.

Ukilinunua au kukabidhiwa gari lililopitia mikono mingi, pima kila betri peke yake asubuhi kabla ya kuwasha. Zikipishana kwa nusu volti au zaidi, angalia ule waya mfupi wa katikati. Mara nyingi utakuta waya mwembamba umechomekwa hapo kama kupe. Ung'oe.

Dawa ni konveta, kisanduku kinachoingiza volti 24 kutoka betri zote mbili na kutoa 12. Chagua inayobeba angalau mara mbili ya mahitaji yako. TV ya inchi 24 inatumia kama wati 25 hadi 30, yaani ampia 2 na kitu. Konveta ya ampia 10 inatosha na kubaki. Usiamini sana namba iliyoandikwa kwenye zile za bei ya karanga. Kisanduku chepesi kama kiberiti hakiwezi kutoa ampia 20, hata kama wameiandika kwa rangi ya dhahabu.

Kabla ya kununua konveta, geuza TV usome kibandiko cha nyuma. Zipo zinazokubali 12 na 24, au zilizoandikwa kuanzia 9 hadi 36. Hizo unaweza kuziunga moja kwa moja kwenye umeme wa gari kwa kupitia fyuzi, na mimi ukiniuliza ningelipa ziada kidogo nipate hiyo, kwa sababu konveta mbovu ikiungua, nyingine hupitisha 28 nzima hadi kwenye TV. Vilevile angalia dashibodi yako: malori mengi ya Ulaya yana soketi ya volti 12 ya kiwandani ambayo tayari ina konveta yake ndani. Soma ampia zake. Kama zinatosha, umeokoa nusu ya kazi.

Vipi inveta ya kutoa 220? Inafanya kazi, na ukiwa nayo tayari kwa ajili ya kompyuta sitakuzuia. Ila inapandisha umeme kutoka 24 hadi 220, kisha TV inaushusha tena, na kila hatua inakula chake. Inveta yenyewe inavuta hata kama hakuna kilichochomekwa. Na 220 kwenye kebini ya chuma, usiku, na godoro lililomwagikiwa chai, sipendi.

Hesabu ya usiku

Watu wanailaumu TV kwa makosa ya friji. Piga hesabu mwenyewe. TV wati 25, king'amuzi wati 10, jumla 35. Ongeza kinachopotea kwenye konveta, sema 40. Gawanya kwa 24, unapata ampia 1.7. Ukitazama saa tano kila usiku umetumia kama ampia-saa 8 na nusu. Usiku tatu, 25 na ushee.

Betri mbili za ampia-saa 150 zikiungwa mfululizo zinabaki 150, si 300; kinachoongezeka ni volti tu. Hapo wengi wanajidanganya. Na katika hizo 150 usile zaidi ya nusu, kwa sababu stata inataka sehemu yake. Kwa hiyo una 75 za kuchezea. TV peke yake inaweza kukaa nawe wiki nzima kwenye foleni. Friji ndogo inayovuta wastani wa ampia 2 mchana na usiku inakula 48 kwa siku moja.

Nunua kile kigeji kidogo cha volti cha kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti. Betri zilizojaa, injini imezimwa kwa saa kadhaa, zinaonyesha 25.4 au zaidi kidogo. Zikifika 24.4 umeshakula kama nusu. Huo ndio mstari wangu: ikigusa 24.4 nazima kila kitu, hata kama Simba na Yanga wamebakiza dakika kumi. Wapo wanaofunga kifaa kinachokata umeme chenyewe betri zikishuka. Kama unajijua huna nidhamu mbele ya mpira, kifunge.

Ukubwa na mahali

Pima kwanza, nunua baadaye. Lala kitandani kama unavyolala siku zote, kichwa upande wako wa kawaida, na umpe tandiboi futi apime kutoka machoni kwako hadi pale TV itakapokaa. Kwa kebini nyingi unapata mita moja na nusu hivi. Kwa umbali huo inchi 19 hadi 24 inatosha kabisa. TV ya inchi 32 ina upana wa sentimita 70 na kitu. Hiyo ni sawa na upana wa vitanda vingi vya lori, na ukijigeuza usingizini utaipiga teke. Uzito nao unapanda: ya 24 huwa kilo tatu hivi, ya 32 inaweza kufika tano au sita.

Mahali ninapopapenda ni ukuta wa pembeni upande wa miguu. Umelala, TV iko mbele ya macho, shingo imepumzika, na ukikaa kwenye kiti cha dereva iko nyuma yako kabisa. Kama upande huo kuna dirisha dogo au kabati, chaguo la pili ni chini ya makabati ya juu ya kioo cha mbele, TV ikitazama kitandani na kukunjwa juu wakati wa safari. Ukifunga hapo, hakikisha ikikunjwa haizibi kioo hata kidogo na haiwezi kushuka yenyewe kwenye breki.

Ukuta wa nyuma, juu ya kitanda, unavutia kwa sababu ni mpana. Lakini utaitazamaje ukiwa umelala chini yake? Tena ndiyo sehemu ambayo TV ikikatika inakuangukia kichwani usingizini. Nimeona watu wameweka hapo kwa ajili ya kupendeza picha. Kazi kwao.

Kama gari ni la kampuni, omba ruhusa kabla ya kutoboa chochote. Na kama unaendesha tanki la mafuta, usiguse kabisa bila fundi wa kampuni: kwenye magari yale swichi kuu ya betri ikizimwa, hakutakiwi kubaki waya wowote wenye moto uliochomekwa na mtu kwa siri.

Kitako

Ukuta wa kebini ni kitambaa au plastiki, chini yake sponji, chini yake bati jembamba ambalo upande wa pili ni nje. Skrubu ya mbao haishiki bati hilo. Itashika Chalinze, italegea Mikumi, na ukifika Kitonga unaisikia inagonga.

Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza haitoboi kitu. Tafuta bolti ambazo tayari zimo: za bawaba za kitanda cha juu, za makabati, za mikono ya kujishikia. Hizo kiwandani zimefungwa kwenye sehemu zenye nguvu. Chukua flati bari, ule ukanda bapa wa chuma, ya milimita 3, mpelekee mchomeleaji aikate na kuitoboa ifuate bolti mbili au tatu za hapo, kisha kitako cha TV kikae juu ya flati bari. Kazi hii inagharimu kidogo, na siku ukihama gari unaondoka nayo bila kuacha tundu.

Ya pili ni kutoboa, na hapa tulia. Zima swichi kuu. Fungua kava la ndani uone kwa macho kilichopo nyuma: nyaya, mipira ya upepo ya kiti, na kwenye magari mapya pengine mfuko wa hewa wa ajali. Usitoboe usipopaona. Zungushia tepu kwenye biti ya drili ukiacha ncha inayotosha bati la ndani tu, ili drili isitokeze nje. Tundu la nje ni maji ya mvua na kutu. Kisha tumia nati za ribiti. Ni kama ribiti ya kawaida, ila ndani ina hesi. Ukiibana inavimba nyuma ya bati na kukuachia sehemu ya kufungia bolti. Kwa bolti ya M6, yaani yenye unene wa milimita 6, tundu lake ni milimita 9. Weka nne, na zisikaribiane. Paka rangi kwenye kingo za tundu kabla ya kuingiza.

Juu ya nati hizo usifunge kitako cha chuma moja kwa moja. Kata kwanza kipande cha plaiwudi ya milimita 12, kama sentimita 40 kwa 30, ukifunike kwa kitambaa kinachofanana na kebini, ukifunge kwenye bati, halafu kitako kikae juu yake. Plaiwudi inagawa uzito kwenye eneo kubwa na kumeza mtikisiko. Bila hiyo, bati linaanza kupiga ngoma, kisha linapasuka kuzunguka nati.

Kuhusu kitako chenyewe: nyuma ya TV kuna matundu manne ya hesi. Pima tundu hadi tundu. TV ndogo huwa milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, na zinatumia skrubu za M4. Pima kina cha tundu kwa njiti ya kiberiti kabla ya kuchagua urefu wa skrubu, kwa sababu iliyozidi inaingia kwenye kioo kwa nyuma na huo ndio mwisho wa TV mpya. Epuka vile vitako vya mkono mrefu wenye viungo vitatu. Dukani vinaonekana vya kisasa, lakini kila sentimita unayoisogeza TV mbali na ukuta inaongeza nguvu ya kung'oa. Chukua kifupi, kinachoinama juu na chini, na ikiwezekana chenye kufuli la kuchomoa TV kwa mkono mmoja.

Kila nati iwe lokinati yenye plastiki ndani, au weka washa ya springi na tone la gundi ya hesi. Kati ya TV na kitako weka washa za mpira. Kipande cha tyubu ya ndani ya tairi kinafanya kazi nzuri tu. Halafu ongeza mkanda wa pili wa usalama: kamba ya begi yenye bakoli ikizunguka TV na kufungwa kwenye bolti nyingine tofauti. Kitako kikikatika, mkanda unashika.

Kabla ya kupandisha TV, kijaribu kitako. Ning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, hiyo ni kilo 20, uiache saa nzima, uisukume kidogo. Kama plaiwudi imeachana na ukuta hata kwa unene wa karatasi, rudi nyuma.

Nyaya

Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Ukitikiswa miezi michache unakatikia ndani ya kava lake na unabaki ukitafuta ugonjwa usioonekana. Chukua waya laini wa nyuzi nyingi, milimita 2.5, mwekundu na mweusi. Ni mnene kuliko TV inavyohitaji, lakini haupotezi volti njiani na hauchoki upesi.

Chukua umeme kwenye boksi la fyuzi la gari, sehemu iliyo baada ya swichi kuu, ili ukiizima usiku kila kitu kife. Fyuzi yako, ampia 5, iwe karibu na pale unapochukua moto. Wengi huiweka karibu na TV kwa sababu panafikika; sasa waya ukichubuka katikati, fyuzi itasaidia nini? Kazi yake ni kuulinda waya kuanzia mwanzo wake.

Waya mweusi upeleke kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi, au kwenye kituo cha hasi cha boksi la fyuzi. Maungio yabane kwa koleo la kubania na uyafunike kwa mrija wa kusinyaa. Kusokota na kuzungushia tepu ni kwa ajili ya kufika gereji. Kila waya unapopita kwenye tundu la bati, weka pete ya mpira. Makali ya bati ni kisu chenye subira. Fuata njia za nyaya za kiwandani, funga kwa tai za plastiki kila sentimita 20, na usipitishe waya kwenye reli ya kiti.

Konveta ikae mahali penye hewa, imefungwa kwa skrubu. Chini ya godoro ni marufuku. Inatoa joto, na sponji ya godoro inapenda moto.

Sasa rilei, swichi ndogo inayowashwa na kuzimwa kwa umeme, ambayo wengi wanairuka na mimi siifungi TV bila hiyo. Chukua rilei ya volti 24 yenye miguu mitano. Mguu wa 86 uupeleke kwenye umeme unaokuja ufunguo unapowashwa, 85 kwenye bodi. Moto wa TV uingie 30 na utokee 87a. Mguu wa 87a unashikana na 30 pale rilei imelala, na kuachana pale ufunguo unapowashwa. Maana yake ufunguo ukiwa umezimwa, TV inapata umeme. Ukiwasha gari, TV inakata yenyewe. Unapata mambo mawili kwa bei ya rilei moja. Picha haiwezi kuchezacheza kwenye kioo cha mbele huku unaendesha usiku, na TV haipo kwenye umeme wakati stata inavuta volti chini na alterneta kuzirusha juu, dakika ambazo vifaa vingi hufa. Ukitaka kutazama injini ikiwa inanguruma, fundi mzuri anaweza kuchukua ishara kwenye handibreki badala ya ufunguo. Mimi sijaona haja.

Kabla ya kuchomeka TV, pima kwa multimita kwenye ncha ya waya. Konveta inatakiwa kutoa 12 na kitu kidogo juu, na sindano ya katikati ya plagi iwe chanya au hasi kulingana na mchoro ulio kwenye kibandiko cha TV. Washa gari, hakikisha umeme umekata. Zima, hakikisha umerudi. Kisha chomeka.

Kupata cha kutazama

Njia isiyo na usumbufu ni flashi. Ijaze muvi zilizotafsiriwa kabla hujatoka Dar. TV nyingi za bei nafuu zinasoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 tu, na mfumo huo haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Faili likigoma kunakili, tatizo ni hilo, usiirudishe flashi dukani ukigomba.

Antena ya king'amuzi cha ardhini ukiiweka ndani haishiki, kwa sababu kebini ni sanduku la chuma. Ibandike kwenye kioo cha mbele au itoe nje kwenye mkono wa kioo cha pembeni, na uitoe kabla ya kuondoka. Mijini utapata chaneli, ukiwa katikati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni usijisumbue. Wanaobeba dishi dogo wanajua shida ya kulitega upya kila kituo, lakini kuna unafuu wakielewa anga. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, ambayo kwetu iko karibu juu ya utosi, kwa hiyo dishi linaangalia mawinguni. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, imelalia magharibi, kwa hiyo lori lililopaki ubavuni kwa upande huo linakukata mawimbi. Weka dishi chini kwenye tairi la akiba, si juu ya kebini.

Redio ya FM ikianza kukoroma kila unapowasha TV, lawama ni ya konveta. Isogeze mbali na waya wa antena ya redio, au uvishe nyaya zake zile pete nyeusi za sumaku zinazokuwa kwenye nyaya za kompyuta.

Kuishi nayo

Ifunike kwa kanga au kipande cha shuka mchana. Kebini iliyopakiwa juani inakuwa tanuri, na kioo cha TV kinafifia na kuweka mabaka. Kikipoa mara nyingi hurudi, lakini si siku zote. Ukifika kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, ichomoe uilaze kitandani, uso chini, juu ya blanketi. Dakika mbili za kuichomoa ni nafuu kuliko TV mpya. Usiku kwenye maegesho vuta mapazia kabla ya kuiwasha. Mwanga wa buluu kwenye kioo cha mbele unawaambia walio nje kwamba humo ndani kuna cha kuiba.

Kila safari ukirudi yadi, pitia bolti zote kwa spana. Robo mzunguko tu. Baada ya safari mbili tatu za mwanzo zitatulia.

Gari likipelekwa kuchomelewa chasisi au tela, chomoa TV na konveta, na vua taminali za betri. Umeme wa kuchomelea hauchagui njia. Na siku fundi wa injini atakapotaka kuilaza kebini mbele, hiyo ndiyo siku ambayo TV nyingi hufa, kwa sababu kila kisichofungwa kinateleza na kwenda kutua kwenye kioo cha mbele. Kabla hajashika pampu ya kuinulia, ingia mwenyewe. Toa TV, king'amuzi, jiko na chupa ya chai, funga milango ya makabati, kisha mwambie apige pampu.